Nakurudishia Taipureta Yako

Kasense,
Sumbawanga.
Julai 7, 1996

Mpendwa mdogo wangu Wilibrodi,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua hii anakuletea Angela mwenyewe, mpwa wako, kitinda mimba wangu. Mpe maji, mwonyeshe mahali pa kuoga vumbi la njiani, na kama kuna chakula ale, maana kutoka huku mpaka mlangoni kwako ni safari ya kuchosha. Nawe keti uisome yote mpaka ulione jina langu, kabla hujamwambia neno lolote. Huo ndio utaratibu ninaouomba, na nadhani dada mkubwa anaruhusiwa kuomba utaratibu mmoja katika maisha yake.

Hujambo lakini? Wifi yangu Rahel hajambo, na mgongo wake umepoa? Watoto wanaendeleaje na joto la huko? Sisi huku ni wazima kwa neema za Mungu, ukiacha mafua. Baridi ya mwezi wa saba unaijua, upepo unateremka kutoka milima ya Mbizi asubuhi mpaka mtu anaona uvivu kunawa uso. Ulezi tumepata. Mahindi hayakuwa mazuri, na sababu nitakueleza mbele. Shikamoo yako nimeipokea, ingawa katika barua ya Pasaka hukuiandika. Nimechukulia kwamba ilidondoka mahali fulani kabla ya kufika Mbeya.

Sasa nianze. Ile barua ya Pasaka ilimhusu mwanangu, lakini hukuniandikia mimi. Ulimwandikia kaka Loth. Najua Loth ndiye mkubwa wetu tangu baba afariki, na baba yake Angela naye hayupo wa kumsemea. Lakini tumbo lililombeba mtoto huyu lilikuwa langu, na anwani yangu unaijua. Jambo hilo limeniuma, na nalisema mapema ili lisije likanitoka vibaya huko mbele.

Sidhani kama unajua jinsi barua zako zinavyopokelewa hapa. Loth haisomi peke yake. Anaiweka mpaka Jumapili, na tukitoka misani watu wanakusanyika uani kwake. Anavaa koti, anasimama, anasoma kwa sauti kama waraka wa askofu. Wanawake wanaacha kupepeta. Mtoto akicheka anafukuzwa. Ukiandika kwamba Dar es Salaam kuna joto, watu wazima wanatikisa kichwa kana kwamba joto limetangazwa leo. Kwa hiyo ulichoandika kuhusu Angela hakikuwa ushauri. Kilikuwa hukumu, tena ilisomwa hadharani.

Maneno yako nayakumbuka kwa sababu Loth aliyarudia. Uliandika kwamba zama zimebadilika, soko ni huria, serikali haiajiri tena kama zamani, na mtoto anayesomea historia na fasihi anajifunza kupiga porojo kwa jasho la wazazi. Uliandika kwamba dunia ya sasa haitaki maneno, inataka ujuzi. Kwamba Angela, hata kama atachaguliwa kidato cha tano, asiende. Ajifunze uhazili, apate cheti, aajiriwe, kisha aolewe na mtu wa ofisini. Na kwamba ili kumtia moyo umemtumia taipureta.

Loth alipomaliza aliikunja barua, akasema, "Mmesikia. Aliyesoma kuliko sisi wote ameshasema." Hakuna aliyemtazama Angela. Alikuwa amekaa kizingitini na ungo wa ulezi magotini. Hakulia, hana tabia hiyo. Tulipokuwa tunarudi nyumbani ndipo aliponiuliza, "Mama, mjomba yeye alisomea nini?"

Siku ile sikumjibu. Lakini swali hilo halikutoka kichwani mwangu tangu Pasaka mpaka leo, na ndilo lililonikalisha hapa na kalamu.

Wewe ulisomea nini, Wilibrodi? Mimi nakumbuka. Ulikwenda seminari ukiwa mdogo hata kaptula inakuvuka, na aliyeitia mkanda ni mimi. Nilikuwa mbele yako darasani, na hesabu nilikuwa nakusaidia, usikatae. Nafasi ya mvulana ilikuwepo. Ya msichana ilikuwepo kwa masista tu, kama anataka utawa, nami utawa sikuusikia ukiniita. Basi wewe ukaondoka na godoro, mimi nikabaki na jembe. Ulezi uliokuwa unapelekwa kule kwa ajili yako niliupura kwa mikono hii.

Ulipokuja likizo ulikuwa kichekesho cha kijiji. Ulikuwa unawaimbia mbuzi Kilatini. Unasimama juu ya kichuguu unahutubia kama mzee wa Roma, na mbuzi wa baba wanakusikiliza kwa utulivu kuliko waumini wengine ninaowajua. Walikufundisha kinanda, mashairi, habari za wafalme waliokufa zamani. Walikufundisha majadiliano, leo unatetea upande huu, kesho unapewa upande wa pili na unautetea vilevile. Mama alikuwa anasema mtoto huyu anafundishwa ubishi kwa ratiba. Hakuna somo hata moja katika hayo ambalo mtu angelinunua pale sokoni Sumbawanga. Na upadri wenyewe ukauacha ukiwa umefika mlangoni.

Watu walimcheka baba. Walisema amelisha kijana miaka yote ile, na amerudi si padri, si fundi, si mkulima. Ulikuwepo siku jirani alipomwambia hivyo shambani. Baba alikuwa anatengeneza ntumba zake, wala hakuinua kichwa. Alisema, "Majani niliyofukia bado sijayadai." Akaendelea kulima.

Nakukumbusha habari ya ntumba kwa sababu nahisi Dar es Salaam imekusahaulisha. Mvua zikiwa zinaelekea kuisha, majani yangali mabichi, tunayakata pamoja na udongo wake, tunayalundika na kuyafunika, shamba zima linajaa vilima vidogo. Mwaka huo unapata maharage kidogo tu juu yake, na mgeni akipita anasema Wafipa wanazika nyasi kama maiti. Mvua zinazofuata majani yameshaoza, unavitawanya vile vilima, unamwaga ulezi, na yule mgeni akirudi anakuta ulezi unamfika kiunoni. Wewe na mimi tumekua kwa ulezi huo.

Haya, tukumbushane na kazi zako. Ulitoka chuo kikuu ukafundisha. Ukaacha ualimu ukaenda shirika la umma, mambo ya usafirishaji, wewe ambaye hata mkokoteni hujawahi kusukuma. Shirika likafa, wenzako wakarudi kwao na kiinua mgongo, wewe ukaingia benki kwenye mambo ya uhusiano. Benki ikaanza kupunguza watu, ukatoka kabla hawajafika mezani kwako. Sasa uko kwenye kampuni ya hizi simu za kutembea nazo. Kazi unayofanya leo haikuwepo duniani wakati unawaimbia mbuzi. Nani alikufundisha?

Jibu uliliandika mwenyewe mwaka juzi, na Loth alilisoma kwa fahari mpaka koti likambana. Ulisema wakubwa wako wamekuchagua kwa sababu unaweza kuandika jambo gumu likaeleweka, unaweza kumsikiliza mteja mkali bila kukasirika, na ukipewa kitu kigeni unakaa nacho mpaka unakielewa. Hayo uliyapata wapi kama si kwenye hizo porojo? Umekunywa kisimani ukashiba, na sasa unawaambia wanaokuja na ndoo kwamba maji yale hayafai. Nisamehe, lakini ndivyo ninavyoona.

Tena mfano uko humuhumu ukooni. Mkumbuke Leonsi, mtoto wa baba mdogo. Yeye alipata ujuzi, ule ule unaousifu. Alifundishwa mashine moja ya kusaga katika kinu cha shirika huko Mbeya, akaijua kuliko anavyomjua mkewe. Tulimwonea fahari, hata mimi. Kinu kilipouzwa, mwenyewe mpya aliing'oa ile mashine na kuleta nyingine, inaendeshwa na kijana anayebonyeza vitufe. Leonsi alirudi Kasense na cheti cha mashine isiyokuwepo. Si mvivu na si mjinga. Sasa anauza mitumba Jumamosi na biashara haimwendei, kwa sababu miaka yote hiyo alizoea kukaa na mashine, hajui kuongea na mteja akacheka.

Na siku ya barua yako, Leonsi naye aliunga mkono. Nilimfuata baadaye nikamuuliza, hata wewe? Alikuwa anakunja masuruali yake, hakunitazama. Akasema, "Dada, ningepinga vipi? Barua imetoka kwa Wilibrodi. Mimi ni nani, mtu niliyeachwa na mashine?" Ndivyo jina lako linavyofanya kazi huku. Linawanyamazisha hata wale wenye ushahidi.

Angela alitii. Sitaki udhani nilimlea awe kichwa ngumu. Alianza kile chuo cha uhazili kilichofunguliwa Kizwite, kwenye chumba kilichokuwa ghala la ushirika, anaondoka umande haujakauka na kurudi jioni. Nilimwomba anionyeshe anachojifunza. Akanipa karatasi zake. Herufi moja imejaza mstari, kisha nyingine, kisha nyingine, ukurasa mzima, na ukurasa wa pili hivyo hivyo. Nikamwambia anisomee. Akasema, "Haisemi kitu, mama. Ni mazoezi ya vidole."

Mtoto huyo huyo alikuwa akinisomea hadithi jikoni tukingoja maharage yaive, mimi wa darasa la nne, na tulikuwa tunabishana kama yule mwanamke wa hadithini alikosea au hakukosea. Zile karatasi za herufi nilimrudishia. Mimi nilizaa mtoto mzima, Wilibrodi, sikuzaa vidole.

Taipureta yako nayo ilifika kwa basi, imeshonewa ndani ya gunia. Ahsante kwa kuishona vizuri. Utepe wake ulikuwa umekauka, hivyo nikashuka mjini kutafuta mwingine. Nilizunguka duka hadi duka. Mwenye duka la mwisho, kijana mwenye adabu, alinisalimia shikamoo, kisha akasema, "Mama, tepe hizo siku hizi hatuagizi. Hata Mbeya wenyewe wanaingia kwenye kompyuta." Nilirudi nyumbani kwa miguu nikiwaza.

Kesho yake nilikwenda kwa Loth nikaomba barua yako, nikaisoma mwenyewe kwa mara ya kwanza. Mstari wenyewe uko wazi. Loth aliusoma kwa sauti na sote tukautikisia kichwa: ofisini kwenu mmeletewa kompyuta, hivyo mashine hizi zote zinaondolewa, nawe ukaona usimsahau mpwa wako.

Kumbe mlikuwa mnatupa. Ofisi yako imeona chombo hiki hakina kazi tena, wewe mwenyewe umekiona kikibebwa kwenda nje, ukakiokota ukasema maisha ya Angela ndiyo haya. Sisemi ulifanya kwa ubaya. Ingekuwa ubaya nisingeumia hivi, ningekutukana yakaisha. Ulifanya kwa upendo bila kufikiri, na katika nyumba ya baba yetu wewe ndiye uliyesomeshwa kufikiri. Sisi wengine tulilima ili uweze.

Chuo chenyewe hakikumaliza mwezi wa tano. Wasichana walifika asubuhi wakakuta kufuli. Mwenyewe amehamisha mashine zake, wengine wanasema Mpanda, wengine wanasema ameziuza vyuma chakavu. Cheti hakuna. Angela alirudi kupura ulezi na mimi.

Utaniuliza huyu Angela ana nini hata nikuandikie ukali namna hii. Nitakusimulia jambo moja. Mwaka jana walikuja watu na gari, wanauza mbegu mpya ya mahindi, wanaisifia kwa kipaza sauti. Wazee wote wanaitikia, Loth amekaa mbele. Angela akanyoosha mkono, akauliza, "Mbegu hii tukiivuna, mwakani tunaweza kuipanda tena?" Yule bwana akasema hapana, mwakani mtanunua nyingine. Angela akauliza, "Na mwaka ambao hamtakuja?" Bwana akacheka, akamsifu kwa uchangamfu, akaendelea na kipaza sauti chake.

Loth alikasirika sana, msichana kuhoji wageni mbele ya wazee. Lakini alipokwenda kupanda aliweka kando debe moja la mbegu yake ya zamani. Mimi nilimuuliza Angela swali lile alilitoa wapi. Akasema ni historia tu, walisoma habari za watu walioambiwa walime zao moja, kisha bei ikaanguka na wao wakaanguka nayo. Kilimo hajasomea. Uhazili usingempa swali lile, na hata bwana mwenye kipaza sauti, na ujuzi wake wote, hakuwa amejiuliza.

Mwezi uliopita majina ya kidato cha tano yalitoka. Angela amechaguliwa shule ya wasichana huko Pwani, mchepuo wa historia, Kiswahili na Kiingereza. Aliliona jina lake ubaoni mjini, akaja kuniambia shambani kwa sauti ya chini kama anayetoa habari ya msiba. Nilikwenda kwa Loth nikapiga magoti, mimi na mvi zangu. Akaniambia, "Kalista, barua ya Wilibrodi haijafutwa. Akiandika nyingine, nitaisoma." Kwa hiyo unaona, hata leo koti liko msumarini linakungoja.

Lakini usimcheke Loth. Yeye naye alifanya alichoambiwa na waliosoma. Walikuja zile enzi na mbolea ya chumvichumvi ya bei ya serikali, wakasema achaneni na ntumba, hayo ni mambo ya mababu. Akaacha. Mahindi yalitoka kweli, malori yalikuwa yanapanga foleni, tulijisifu kwamba tunailisha nchi. Kisha ruzuku ikaondolewa, mbolea ikawa kitu cha kutazama dukani, na shamba lake limekuwa la njano kila mwaka. Ndiyo sababu nilikuambia mahindi hayakuwa mazuri.

Mwaka huu ameona arudie ntumba. Alianza mwezi uliopita, mvua zimeshakwisha, nyasi zimekauka. Amefukia majani makavu, Wilibrodi. Mtu aliyezaliwa na baba yule. Wiki iliyopita nilipita shambani kwake nikafukua kilima kimoja kwa mguu. Majani yalikuwa vilevile alivyoyalaza, hata harufu ya kuoza hakuna. Loth alikuwa amesimama karibu yangu. Akauliza taratibu, "Nimechelewa, ee?" Nikamwambia ndiyo, kaka, majani yana wakati wake.

Alikirudishia kile kilima udongo kwa jembe, vizuri kabisa, ingawa sote tulijua ni kazi bure. Nikamwambia palepale kwamba na Angela ana wakati wake, ni mwezi huu, na shule ikifunguliwa bila yeye nafasi anapewa mtoto wa mtu mwingine. Alikipigapiga kile kilima kwa bapa la jembe. Kisha akasema, "Mimi siwezi kubishana na barua. Ila Jumanne nitashinda kwenye shamba la mbali, sitakuwepo nyumbani." Basi la Angela linaondoka Jumanne. Nadhani umeelewa.

Ndiyo maana yuko hapo kwako. Sikuombi umsomeshe. Nimeshauza nilichouza, na sanduku lake lina kila kilichotakiwa isipokuwa ndoo, ambayo atanunua hukohuko. Nakuomba umpeleke shuleni mwenyewe, usimame mbele ya mkuu wa shule kama mjomba wake, useme huyu ni wetu. Ukitoka huko, mwandikie Loth barua. Andika kwa mkono wako, usiandike kwa hiyo kompyuta, maana mwandiko wako anaujua. Mwambie ile ya Pasaka umeifuta. Usiirefushe. Ataisoma Jumapili mbele ya watu wale wale, na mimi nitakuwepo, nitaacha kupepeta.

Kama bado unaamini ulichoandika, sawa, wewe ni mtu mzima. Lakini usiniandikie mimi wala Loth. Mwambie Angela mwenyewe, hapo sebuleni kwako, uso kwa uso, kwamba kilichokufikisha wewe hapo hakimfai yeye. Nimemkataza kubishana nawe. Atakusikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kisha atakuuliza swali moja, lile aliloniuliza mimi njiani siku ya Pasaka. Mimi nimeshindwa kulijibu bila kukusema vibaya, ndiyo maana nimekuletea.

Taipureta nayo ameibeba. Nilimwambia aiache, ni nzito, na kuna kupanda na kushuka njiani. Akakataa. Alisema kitu cha mjomba kirudishwe mkononi kwa mjomba, kwa heshima, kisiende kuozea kwenye banda la kuku. Iko kwenye gunia lake lile lile. Irudishe ulikoitoa, au wape watoto wachezee.

Leonsi anakusalimu. Nilimuuliza kama ana la kuongeza, akasema andika tu kwamba nakusalimu. Mama mdogo Bertila naye anakusalimu sana. Macho hayaoni tena lakini masikio yapo, na anauliza kama bado unaimba Kilatini au wamekukataza huko kwenye simu. Kaka Loth hajanituma salamu, kwa sababu hajui kama naandika. Msalimie wifi yangu Rahel, mwambie kwenye kifurushi kidogo kuna maharage yake na unga wa ulezi. Ulezi huo umetoka kwenye ntumba zangu. Mimi sikuziacha hata mwaka mmoja.

Nimekuandikia kwa uchungu, na sitaufuta. Ningekuwa sikupendi ningemwacha Loth aendelee kusoma barua zako akiwa amevaa koti, nami nikaendelea kutikisa kichwa. Mungu akulinde wewe na nyumba yako, akupe siku nyingi, na akurudishie akili ile uliyokuwa nayo juu ya kichuguu. Bikira Maria awasimamie njiani, wewe na mwanangu, siku mtakayokwenda huko Pwani.

Mimi ni dada yako akupendaye, hata nikiwa nimekasirika,

Kalista

N.B. Nauli ya kurudi sikumpa.